Wimbo Usio na Pa Kukanyaga

Uzi wa gitaa ukikatika Rukanga, chini ya Mlima Kasigau, dawa yake iko Voi. Unamwagiza dereva wa matatu, au kijana wa bodaboda anayeshuka Maungu, unampa pesa na namba ya uzi, kisha unangoja. Ukiwa ni ule mwembamba wa kwanza, ambao ndio mwepesi wa kukatika, unaendelea kujikaza na nyuzi tano zilizobaki. Kesho au keshokutwa uzi unafika ndani ya kibahasha chake, unaufunga, unaukaza mpaka ulingane na wenzake, na mambo yanaendelea. Hiyo ni shida yenye duka.

Ipo nyingine ambayo dawa yake haiuzwi Voi wala Mombasa. Mtu ameanza gitaa kwa hamu. Miezi ya mwanzo kila wiki ina zawadi yake: ncha za vidole zinakomaa na kuacha kuuma, kordi tatu zinakubali kupokezana bila kusimama, na jioni moja “Malaika” inatoka mwanzo hadi mwisho na watoto wa jirani wanaitambua wakiwa nje ya ua. Sisi wa Taita wengi wetu tunaanzia hapo, na si ajabu. Fadhili William Mdawida, aliyeurekodi wimbo huo na kundi la Jambo Boys miaka ile ya mwanzo ya 1960, ni wa kwetu. Ubishi wa nani hasa aliutunga haujaisha, lakini wengi wetu tuliupokea kupitia sauti yake.

Halafu safari inasimama. Anachokipiga mtu huyu leo ndicho alichokipiga mwezi uliopita, na kasoro ni zilezile, zimekaa palepale, utadhani ni sehemu ya utunzi. Anaongeza muda wa mazoezi, na muda unapita bure. Anabadilisha nyuzi, anatafuta video nyingine kwenye simu, anajifunza wimbo mpya na kugundua kwamba ameupiga kwa udhaifu uleule wa wimbo wa zamani. Mwishowe gitaa linatundikwa msumarini. Nimeyaona magitaa ya namna hiyo Rukanga na Bungule, na moja Makwasinyi ambalo shingo yake imepinda kwa ukavu wa hewa ya huku. Inaniuma kuyaona. Wenyewe hawakukosa kipaji, na bidii walikuwa nayo tele. Walifika mahali ambapo bidii peke yake haisogezi kitu, na hakukuwa na mtu wa kuwaambia mahali hapo panaitwaje na watu hupitaje.

Pamechunguzwa zamani. Mwaka 1897 William Lowe Bryan na Noble Harter, wa Chuo Kikuu cha Indiana kule Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watu waliokuwa wakijifunza kazi ya telegrafu, na mwaka 1899 wakauendeleza. Kila wiki walipima mwanafunzi anaweza kutuma kwa kasi gani, na anaweza kupokea kwa kasi gani. Kisha wakachora. Mstari wa kutuma ulipanda haraka. Mstari wa kupokea ulipanda kidogo, halafu ukalala bapa kwa wiki nyingi, mwanafunzi akijitahidi kama kawaida bila kuonekana kupiga hatua. Baadaye sana, kwa wale ambao hawakukata tamaa, ukainuka tena kwa nguvu, na mwishowe mpokeaji stadi akaweza kupokea kwa kasi zaidi kuliko mkono unavyoweza kutuma.

Miaka hiyohiyo reli ilikuwa inakatiza nyika yetu. Mwaka 1898 ilikuwa imefika Tsavo, na nyaya za telegrafu zilikwenda nayo. Napenda kuwafikiria watu wa stesheni za huku, joto la mchana limewafungia ndani, wametega sikio kwenye mlio wa nukta na vistari. Kazi yao nusu ni mkono na nusu ni sikio, na utafiti wa Indiana unasema wazi ni nusu ipi iliyokwama.

Maelezo waliyoyatoa Bryan na Harter ndiyo yaliyonishika. Anayeanza husikia herufi moja moja. Akizizoea, anaanza kusikia maneno mazima. Baada ya muda mrefu anasikia vifungu vya sentensi, na bingwa anaandika huku akiwa nyuma ya mlio kwa maneno kadhaa, anasubiri maana ikamilike ndipo kalamu iende. Zile wiki ambazo mstari ulilala bapa, kwa maoni yao, zilikuwa wiki ambazo mwanafunzi ameshazijua herufi lakini herufi hazijawa nyepesi kiasi cha kumwachia nafasi ya kusikia neno. Kazi ilikuwa inaendelea ndani kwa ndani. Na wakaona jambo lingine la kusikitisha: wako waliobaki hapo maisha yao yote, kwenye kasi iliyotosha stesheni ndogo, kwa sababu hakuna kilichowadai zaidi.

Sasa mchukue mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda. Kijana huyo wa Katanga alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi mwenyewe. Redio na santuri zilikuwa zimeshamtangulia. Wapigaji wa Kenya waliomsikia akipiga wimbo wake “Masanga” walidhani ni magitaa mawili. Lilikuwa moja, na mkono wa kulia ulitumia vidole viwili, gumba na shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, hatua baada ya hatua, halina haraka na halisimami. Shahada inazungumza kwenye nyuzi nyembamba: mara inatangulia pigo, mara inachelewa, mara inaanguka katikati ya hatua mbili za gumba na kukaa hapo kwa raha zake.

Mwanafunzi wa miezi michache anaweza kuyapiga haya yote kwa kukariri. Gumba na shahada pamoja, shahada peke yake, gumba, shahada mara mbili, rudia. Mfuatano anaujua na vidole vinautii. Anachosikia, hata hivyo, ni mstari mmoja wa sauti zilizopangwa foleni. Hajasikia watu wawili. Ni yule mpokeaji wa telegrafu anayesikia herufi, na akiongeza kasi atapata herufi za kasi zaidi, basi. Ndiyo maana mazoezi ya kurudia wimbo mzima kutoka juu hadi chini humwacha alipo. Vidole vyake havina tatizo. Kilicholala ni sikio, nalo halioni sababu ya kuamka, kwa kuwa wimbo unaonekana kuisha salama kila mara.

Kuna zoezi ambalo limenifaa kuliko yote niliyoyapata, na mkono wa kushoto hauhusiki nalo hata kidogo. Piga gumba peke yake kwenye nyuzi mbili nene, kwa kupokezana, huku unaongea. Jibu salamu ya anayepita. Mwagize mtoto sukari. Gumba likisimama kila unapofungua mdomo, bado linakula akili yako yote, na hakuna nafasi ya mtu wa pili kuingia. Likiendelea, limepata uhuru wake. Hapo imba ile sauti ya shahada kwa mdomo, gumba likitembea chini yake, na usiiguse kwa kidole mpaka mdomo uweze kuiimba bila kuyumba. Ni zoezi la aibu kidogo, kwa sababu aliyekuwa anapiga wimbo mzima anarudi kupiga nyuzi mbili tupu kama mtoto. Anaonekana amerudi nyuma, na kwa siku kadhaa amerudi kweli. Wengi hukimbilia tena kwenye “Malaika” yao ambayo haiwaaibishi, na siwalaumu, ila najua huko ndiko gitaa linakotundikiwa.

Na kulala nako ni kazi. Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake wa Harvard walifundisha watu mfuatano mfupi wa kubonyeza vidole, wakawapima tena baada ya usingizi wa usiku. Kasi ilikuwa imepanda kwa takriban asilimia 20, bila zoezi lolote la ziada. Waliopimwa baada ya saa nyingi kama hizo wakiwa macho hawakupata ongezeko la kulinganishwa. Nautaja utafiti huu kwa ajili ya vijana wanaokesha na gitaa wakiamini kwamba usiku mmoja wa ukatili utawavusha. Saa moja, usingizi mzuri, kisha saa nyingine kesho: mkono unaelewa mpango huo vizuri zaidi.

Lakini hata zoezi la gumba na usingizi havifiki kwenye mzizi wa kukwama kwa mtu wa Kasigau.

Tazama jinsi mtu anavyojifunza huku. Mlima umesimama katikati, mita 1,641, na vijiji vimeuzunguka miguuni: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi, Kiteghe. Kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo. Mchana watu wako shambani, shuleni, au kwenye kazi za ranchi na za kulinda misitu. Saa ambayo kila mahali duniani wapigaji hukutana ni jioni, na jioni ya huku ina wenyewe. Tunakaa katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na giza likiingia njia ni za ndovu. Hakuna mzazi mwenye akili atakayemruhusu kijana avuke kutoka Jora hadi Rukanga saa mbili usiku akiwa amebeba gitaa mgongoni. Hivyo kila mmoja anafunga mlango wake na kujifunza na simu. Simu ni mwalimu mvumilivu, inarudia bila kuchoka, na nimefaidika nayo sana. Lakini ina upungufu mmoja mkubwa: haikusikii. Ukikosea inaendelea. Ukisimama inaendelea. Haikudai chochote, na mtu asiyedaiwa hubaki kwenye kasi ya stesheni ndogo.

Najua kuna hoja ya kunipinga, na ina uzito. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walitoa utafiti wao maarufu juu ya wanafunzi wa fidla wa chuo cha muziki cha Berlin. Waliokuwa bora walifanya mazoezi peke yao kwa takriban saa 24 kwa wiki, na wale waliokuwa wakisomea ualimu wa muziki takriban saa 9. Peke yao, angalia. Waliokuwa bora walilala zaidi pia, pamoja na usingizi wa mchana. Mtu anaweza kusema, basi, upweke si ugonjwa, upweke ndio njia yenyewe.

Jibu langu ni kwamba wale vijana wa Berlin hawakuwa wapweke kwa maana tunayoijua huku. Kila mmoja aliingia chumbani akiwa na maneno ya mwalimu aliyetoka kumsikia wiki ileile: upinde wako unakwaruza hapa, kidole cha tatu kinashuka, rudia vipimo hivi vinne. Alifunga mlango akiwa na sikio la mtu mwingine kichwani. Sisi tunafunga mlango tukiwa na sikio letu wenyewe, lilelile lililokwama. Ukiondoa mwalimu na ukaacha saa 24, unabaki na mtu anayerudia kasoro zake kwa uaminifu mkubwa.

Na mwalimu wa gitaa Kasigau ni nani? Kwa muda mrefu nilidhani hayupo. Kisha, mchana mmoja, nilipiga mbele ya akina mama waliokuwa wanasuka vikapu vya mkonge chini ya mti, kwa sababu tu kivuli kilikuwa hicho kimoja. Nilipomaliza, mmoja wao alikuwa bado ameinamia kazi yake.

“Mama, umeuonaje?”

“Vidole vina mbio,” akasema. “Lakini wimbo wenyewe hauna pa kukanyaga, mwanangu.”

Nikamwomba anionyeshe. Akaweka kikapu chini na kupiga makofi, polepole kuliko nilivyopenda, akaniambia nianze. Tulipofika mahali pa kuhamia kordi ya F, mikono yake ilibaki hewani. “Hapa,” akasema. “Hapa hukunipa kitu.” Tukarudia, na pengo lilikuwa palepale. Kila nilipohama, gumba lilikuwa linasubiri mkono wa kushoto ukae sawa, na hatua moja ya besi ilikuwa inapotea. Sikuwa nimewahi kulisikia pengo hilo, ingawa ndilo lililokuwa linaufanya wimbo wangu wote uchechemee. Mama huyu hajawahi kushika gitaa. Aliujua wimbo kwa miguu.

Niliwaza sana baadaye juu ya jinsi mwenyewe alivyojifunza kusuka. Hakuna msichana wa Kasigau anayejifunza kikapu akiwa amejifungia. Anakaa kati ya wakubwa, na akiruka uzi mmoja, jirani anauona kabla mzunguko haujaisha, anamwambia fumua. Anafumua. Kasoro haipati muda wa kukomaa. Mpiga gitaa aliyejifungia nyumbani anasuka kikapu kizima juu ya uzi ulioruka, kisha kingine juu ya hicho.

Muziki wa gitaa wa kwetu Afrika Mashariki haukutengenezwa kwa mtu mmoja, hata unapopigwa na mmoja. George Mukabi, yule bingwa wa mtindo wa gitaa wa omutibo kutoka magharibi mwa Kenya aliyefariki mwaka 1963, alicharaza gitaa lake huku pembeni kuna mdundo wa chupa ya soda ikigongwa. Chupa si pambo. Inampa mpigaji sakafu, na inamnyima ruhusa ya kusimama. Ngoma za mwazindika za Wataita, zenye uhusiano wa zamani na pepo na uponyaji, zinatoka katika utaratibu huohuo: mpigaji hapimwi kwa alichopiga, anapimwa kwa kilichomtokea anayecheza. Ukienda Unguja, vikundi vya taarab kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, vimelea vizazi vya wapigaji wa udi, kanuni na fidla ndani ya kundi, chipukizi akikaa pamoja na waliomtangulia na kulazimika kuingia zamu yake inapofika. Hata Dhow Countries Music Academy, iliyoanzishwa huko mwaka 2002 kama chuo, imefundisha vyombo hivyo kwa masomo na pia kwa kuwaweka wanafunzi kwenye vikundi.

Simwambii mtu aache kupiga peke yake. Kazi ya kusafisha badiliko moja la kordi hufanywa peke yako, polepole kiasi cha kukera, na hakuna umati utakaokusaidia hapo. Nasema tu kwamba chumbani unapeleka kazi uliyopewa na mtu aliyekusikia. Mtu huyo si lazima ajue jina la kordi hata moja. Inatosha awe na miguu, au kwaya ya kanisa ya kuongoza, au kikapu mkononi na ukweli mdomoni. Kwaya hasa. Vijana wengi wanadharau kupigia kwaya kwa sababu nyimbo ni nyepesi, kordi tatu zilezile. Nyepesi kweli, lakini kwaya haisubiri. Sauti ya kwanza ikianza ubeti, gumba litafika au litaachwa, na mwezi mmoja wa kuachwa hadharani hufundisha sikio mambo ambayo simu haitayafundisha kwa mwaka. Huo ndio mzigo ambao telegrafu ya stesheni kubwa iliwatwisha wale waliovuka.

Sisi wapigaji wa vijiji hivi tumeanza kukutana Jumamosi, saa nane mchana hadi saa kumi na moja, ili wa Jora na wa Bungule wawe wamefika nyumbani kabla ya ndovu kushuka. Magitaa ni machache kuliko watu, na hilo limegeuka kuwa jambo jema: asiye na gitaa anapiga makofi, anacheza, au anagonga chupa, na zamu ikimfikia anakuwa ameshausikia wimbo kwa mwili. Kijana mmoja aliyekuwa ameacha kabisa alirudi kwa ajili ya kugonga chupa tu. Aliposhika gitaa tena, gumba lake lilikuwa limetulia bila yeye kulifundisha.

Kwa sasa tumekwama sote, na mahali penyewe napajua. Ni pale ambapo “Masanga” inaacha mzunguko wake wa kwanza na shahada inaanza kuchelewa kwa makusudi. Kila mmoja akifika hapo anaharakisha, kwa woga wa kuachwa na gumba lake mwenyewe. Mama wa vikapu amesikiliza mara kadhaa na kusema tunapakanyaga mapema mno. Jumamosi ijayo gitaa halitaguswa saa nzima ya kwanza. Tutaimba kile kipande kwa mdomo, mmoja wetu akigonga chupa kwa kasi atakayoitaka mama, na atakayewahi kuingia ataipokea chupa yeye.